Kilio cha Orofa ya Saba

Ulikuwa mwaka ule nyanya zilipopotea Birmingham. Unaingia dukani unakuta kreti tupu na kikaratasi kinachosema kila mtu achukue pakiti tatu, asizidishe, na hizo tatu zenyewe hazipo. Tulikula sombe, yaani kisamvu, bila nyanya, maharagwe bila nyanya, samaki bila nyanya, chakula kikakaa kwenye sahani na rangi ya mgonjwa. Hata kule Balsall Heath makarai ya balti, ule mchuzi wa Kipakistani, yalifika mezani manjano tupu, na mwenye mkahawa akawa anaangalia pembeni ili usimuulize. Kwenye televisheni mtu mmoja akatushauri tule tanipu, mizizi ya kulishia kondoo. Mimi nilikimbia vita na mjukuu mgongoni. Sikukimbia ili nije kula tanipu.

Mjukuu huyohuyo ndiye aliyeniambia kwamba kwa kutimiza kwangu miaka sabini atanilipia safari ya Karibi kwa meli. Swali langu la kwanza lilikuwa kama huko kuna nyanya. Akanijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba Koko, yaani bibi, kule kuna kila kitu. Mjukuu wangu ni mfamasia. Naandika neno hilo polepole ili na wewe ulisome polepole. Mimi shule niliishia darasa la tatu, mwalimu alipotuacha akaenda kuchimba dhahabu, na leo damu yangu inasoma maandishi ya madaktari ambayo madaktari wenyewe yanawashinda. Mtu akikaa karibu nami kwenye basi kutoka Winson Green, kabla hatujafika mjini ameshalijua hilo.

Nilikwenda na rafiki zangu wawili. Wa kwanza ni mwenyekiti wa kina mama wa kanisa letu, Mkongomani mwenzangu, ambaye hata muuza mboga anamwita Mama Prezidanti. Wa pili ni Mhindi aliyezaliwa Kisumu, Mhindu asiyekula hata yai, na Kiswahili chake ni cha jikoni mwa mama yake, kifupi na kimejaa amri. Sisi tunamwita Dada Kisumu, yeye ananiita Mama Kongo. Tulijuana sote watatu kwenye sehemu ya kufulia ya hospitali, miaka kumi na saba tukivuta mashuka yaliyolowa, mmoja huku, mwingine kule. Ukivuta shuka na mtu miaka kumi na saba unamjua kuliko mume.

Sisi hatuendi popote bila kitenge cha pamoja. Iwe harusi, iwe ubatizo, iwe kumpokea mgeni uwanja wa ndege, nguo lazima iwe moja. Mama Prezidanti alichagua kitenge cha majogoo mekundu, tukashona. Dada Kisumu alishonewa kanzu fupi na suruali ya Kihindi, na kwake majogoo yakasimama kichwa chini kwa sababu fundi aligeuza kitambaa. Tulipopanda melini tukiwa majogoo watupu, mzee mmoja Mwingereza wa Dudley, mji wa jirani na kwetu, alitusogelea akauliza tutaimba saa ngapi. Alidhani sisi ni burudani ya meli. Mama Prezidanti hakupepesa jicho. Alimwambia saa tatu, na saa tatu yule mzee alikuwa amekaa mbele ya jukwaa tupu na mke wake na glasi mbili.

Meli ilikuwa na orofa kumi na nne, sisi tukiwa ya saba, chumba kimoja, vitanda vitatu, dirisha la mviringo kama mlango wa mashine ya kufulia. Asubuhi tukitoka kula, mhudumu wa chumba anaingia kutandika, na juu ya kitanda anaacha mnyama aliyemkunja kwa taulo. Siku ya kwanza bata, siku ya pili tembo. Sisi tuliokunja mataulo ya mji mzima tulimzunguka yule tembo kimya kabisa. Dada Kisumu akamfungua, akachunguza mikunjo, akajaribu kumrudisha. Alitoka mbuzi.

Kisiwa cha kwanza tulipelekwa matembezi ya mashua ya tanga. Ilikuwa mashua kubwa ya mbao, mlingoti mmoja mrefu, na nahodha wake alikuwa mtu wa palepale, mweusi kama mimi, ndevu nyeupe, miguu peku. Akaomba watu wa kujitolea kupandisha tanga. Wanaume wanne wa Kiingereza wakajitokeza, wakashika kamba, kila mmoja akavuta kwa wakati wake, tanga likapanda kama mlevi anayepanda ngazi. Dada Kisumu akaweka chini mfuko wake wa chevda, ule mchanganyiko wa karanga na dengu za kukaanga, akanitazama. Tulikwenda tukawaondoa wale wazee, tukashika kamba, mmoja huku, mwingine kule, na yeye akatoa ile sauti ya kazini iliyokuwa ikiwaamsha hata mabosi. Tanga likapanda kwa mara moja mpaka juu. Nahodha akauliza tumejifunza wapi. Dada Kisumu akamjibu kwenye mashuka.

Mimi macho yangu yalikuwa kwenye usukani. Lilikuwa gurudumu la mbao, pana kuliko meza yangu ya kulia, na linang'aa kwa mikono ya watu. Nikamwomba nahodha nilishike. Akasema zamu zimekwisha, ameshamwahidi mzee wa Dudley, lakini siku ya sita meli itarudi kwenye kisiwa hiki, na nikija atanipa mimi. Nikamwambia aandike. Akachukua kalamu akaandika kwenye kiganja chake. Tangu nizaliwe nimepakiwa kwenye vyombo vya kila aina, lori, mtumbwi, ndege ya wakimbizi, na siku zote kuna mtu mwingine mbele ndiye anaendesha. Nilirudi melini nikihesabu siku.

Siku ya nne asubuhi, niko mezani na sahani ya nyanya, nyanya tupu na chumvi, simu ikalia. Alikuwa wifi yangu, dada wa mume wangu, kutoka Uvira, kwetu Kongo. Hakunisalimia. Alisema kaka yake amekufa jana, na mimi niko wapi, mbona anasikia muziki.

Habari za huyo kaka yake lazima nikueleze. Alikuwa mume wangu kwa ng'ombe na kwa kanisa. Siku moja aliniaga kwamba anakwenda Bujumbura kununua mabati ya nyumba. Alirudi baada ya miaka minne na mke mwingine, bila bati hata moja. Miaka hiyo minne nililia. Nililia shambani, nililia mtoni, mvua ilinyesha ndani ya nyumba na mimi nilinyesha pamoja nayo. Mwanangu mkubwa alikuwa na miaka minane, na kila nikimaliza kulia aliniletea kikombe cha maji, akasimama mpaka ninywe. Siku baba yake aliporudi na yule mwanamke, machozi yalikatika kama bomba lililofungwa na mtu mwenye hasira. Hakunipa talaka, mimi sikuiomba. Alikaa kwake na mke mdogo mtaa wa pili, mimi kwangu, mpaka vita vikatutawanya sote.

Wifi akapanga maneno yake. Mazishi ni keshokutwa alasiri. Mjane mkubwa ni mimi. Mke mdogo amelia tangu jana mpaka sauti imeisha, sasa analia kwa mikono. Na wazee wa ukoo wamekata shauri: kaburini itasomwa orodha ya watoto na wajukuu, ila mwanamke ambaye kilio chake hakikusikika, watoto wake hawatasomwa. Kwa hiyo siku ya kuzika atanipigia, atashikilia simu kwenye kipaza sauti, na mimi nilie ili watu wasikie.

Nikamwambia, "Nilishamlilia akiwa hai. Mara ya pili silii."

Akakata.

Nikampigia mwanangu, yule yule wa kikombe cha maji. Sasa anaendesha lori na anakaa Great Barr, nyumba inayotetemeka na magari ya barabara kuu ya M6. Alikuwa ameshapewa habari. Nilitegemea acheke, kwa sababu baba yake kwetu alikuwa mtu wa kuchekwa. Badala yake nikasikia magari yanapita, yanapita.

"Mama, usilie kama hutaki," akasema. "Ila mimi ningependa jina langu lisomwe."

Mtu ana miaka hamsini. Ana mvi masikioni. Nikamuuliza kama amekula.

Hapo Mama Prezidanti akachukua mambo mikononi. Aliniambia kwamba kilio ni kilio hata baharini, na kwamba mjane wa kanisa letu hawezi kuonekana anakula nyanya wakati mume hajazikwa. Alituongoza chumbani, akashusha godoro langu chini, akanikalisha juu yake nikitazama mlango, akanifunga kitambaa kichwani, na vitenge vyetu akaviamuru vivaliwe ndani nje. Majogoo yakafifia. Mlango ukaachwa wazi, kwa sababu nyumba ya kilio haifungwi.

Nilimweleza tena kwamba mimi silii. Akasema hilo tutalitazama, kwanza tukae. Yeye alitaka nilie, na alikuwa na sababu yake: nusu ya kanisa letu ni watu wa Uvira, na wangeuliza alikuwa wapi mwenyekiti wakati mjane anakauka macho. Dada Kisumu alikaa upande wangu wa kushoto akichambua chevda, anatoa karanga ananipa mimi. Alisema jambo moja tu: "Mama Kongo hataki, wacha yeye."

Tatizo la kwanza lilikuwa mhudumu wa chumba. Kila tukienda msalani sote kwa pamoja, tukirudi tunakuta godoro limerudishwa kitandani, limetandikwa, na juu yake kuna mnyama. Tulishusha godoro mara tatu. Mara ya tatu alikuwa ametuwekea nyani wa taulo, ananing'inia kwenye taa na miwani yangu ya jua machoni. Mama Prezidanti akamkamata kwenye ukumbi na kumweleza kwa Kiingereza chake kwamba humu kuna mfiwa. Yule kijana wa watu akaomba radhi mpaka akainama. Asubuhi yake tulimkuta tembo ameketi juu ya godoro, palepale chini, mkonga umeinamishwa, na kitambaa cheupe kimewekwa machoni.

Tatizo la pili lilikuwa Waingereza. Yule mzee wa Dudley alipita na mke wake, akaona mlango wazi na wanawake watatu wamekaa chini. Alisimama kuuliza kama hatujambo. Mama Prezidanti akamweleza. Akatoa kofia, wakabaki wamesimama pale mlangoni hawajui waingie au waende. Sasa, Mwingereza akiona watu wawili wamesimama mlangoni anajipanga nyuma yao bila kuuliza wanangoja nini. Dakika kumi, foleni ilikuwa imefika kwenye lifti. Wengine walidhani ni kujiandikisha kwa safari, wengine walidhani kuna chai. Walipofika mlangoni na kuambiwa ni mjane, walikuwa wameshangoja mno hata wasingeweza kurudi. Wakaingia, wakakaa.

Mama Prezidanti aliwaeleza taratibu zetu: ukija kwenye kilio unakuja na chakula, unakaa, hutoki upesi. Na kuhusu macho yangu makavu, alitafuta maneno yasiyoniaibisha. Aliwaambia machozi yamenikataa. Laiti angejua. Wale watu wakashika vifua vyao. Wakaambiana kwa sauti za chini kwamba huo ndio uchungu mkubwa kuliko wote, ule usiotoka. Kuanzia hapo meli nzima ikafanya kazi moja, kuniliza mimi.

Mwanamke mmoja aliyewahi kuwa muuguzi alinishika mkono nusu saa akiniambia niachie, niachie tu. Mwingine akaleta vitunguu viwili kutoka jikoni kwenye leso, akaviweka karibu yangu kama maua. Mzee wa Dudley akaja na kinanda cha mdomo, akapuliza nyimbo za huzuni mpaka mke wake mwenyewe akamwambia basi. Na sahani zikaja: keki, kamba wa baharini, soseji, embe lililokatwa kama ua. Dada Kisumu akawa mlangoni kukagua, nyama kulia, isiyo nyama kushoto. Mimi nilikaa katikati nikila na macho makavu kama jiwe la kusagia, na kila nikimeza mtu mmoja alisema ona anavyojikaza.

Siku ya tano, karatasi ya ratiba iliyopitishwa chini ya mlango iliandikwa hivi, Dada Kisumu alinisomea: saa tatu, mazoezi ya viungo kwenye bwawa, saa nne, kilio cha Kiafrika, orofa ya saba, wote mnakaribishwa, saa tano, kujifunza kukunja mataulo. Walikuja watu hamsini na kitu. Walikaa mpaka kwenye ngazi. Mwanamke mmoja aliniuliza kwa adabu kama kesho pia kutakuwepo, maana leo amekosa nafasi ya mbele.

Lakini kesho ilikuwa siku ya sita. Kesho ilikuwa usukani wangu, na kesho ileile, alasiri ya Uvira ambayo ndiyo asubuhi ya huku, yalikuwa mazishi. Mama Prezidanti akasema haiwezekani, mjane haendi matembezi kabla ya maiti kuzikwa. Nikasema nitakwenda, nimeandikwa kwenye kiganja cha mtu. Akaniuliza na jina la mwanangu je. Hapo ndipo aliponichoma. Usiku wote wa jana yake nilikuwa nimelisema jina hilo kichwani, kama litakavyosomwa, na kama litakavyorukwa. Nilijaribu kulia, naandika ukweli. Nilimkumbuka mume wangu akiwa kijana, shati lake la kanisani, mguu wake mmoja uliokuwa mfupi kidogo. Nilichoona ni mgongo wake tu, anakwenda Bujumbura.

Dada Kisumu ndiye aliyetuamua. Akamuuliza Mama Prezidanti, kwenu mkizika, mjane anapelekwa wapi? Akajibu ziwani, kuoga. "Basi maji yako hapa mengi sana. Peleka yeye asubuhi, nini shida?" Mama Prezidanti alilizungusha hilo jambo kichwani, akalikubali kwa sharti moja, kwamba kilio kiende nacho. Mjane peke yake kwenye mashua ni matembezi. Mjane na wafiwa wake ni desturi.

Ndivyo tulivyoshuka gatini asubuhi ile, mimi mbele na kitenge ndani nje, na nyuma yangu Waingereza ishirini na wawili waliovaa chochote cheusi walichokuwa nacho. Mmoja alivaa nguo ya kuogelea nyeusi na koti juu. Mzee wa Dudley alivaa tai nyeusi na kaptura. Mashua ilikuwa inapiga ngoma za sherehe mpaka maji yanatetemeka, na wafanyakazi walikuwa wameshapanga glasi za ramu na maji ya matunda.

Nahodha alitutazama tunavyopanda mmoja mmoja. Aliniuliza nani amekufa. Nikamwambia. Alikwenda mwenyewe akazima muziki, akavaa shati. Kwao pia, alisema, mtu akifa watu wanakaa siku tisa, wanakula, wanaimba, hawamwachi mfiwa peke yake. Glasi za ramu hakuziondoa. Alisema kwa kilio zinafaa zaidi.

Dada Kisumu na mimi tukapandisha tanga. Tulipofika nje ya bandari, upepo ukashika, mashua ikainama upande mmoja, na nahodha akanifungulia kiganja chake. Maandishi yalikuwa yameshafutika lakini alikumbuka. Akanisimamisha kwenye usukani, akaweka mikono yangu pale inapotakiwa, akaniambia nielekeze pua ya mashua kwenye mwamba mweupe wa mbali, nisibishane na upepo, niuegemee. Kisha akaondoka. Aliondoka kabisa, akaenda kukaa mbele na watu. Mti ule ulikuwa hai mikononi mwangu. Nikiusukuma kidogo, mashua nzima, na tanga lote, na Waingereza wote ishirini na wawili, wanageuka. Nilitaka kupiga kigelegele, nikakimeza.

Simu yangu ikalia mkononi mwa Mama Prezidanti, akaipokea kwa spika. Alikuwa wifi. Nyuma yake nilisikia kwaya, upepo, watu wengi. Akasema jeneza linashushwa, wazee wamekaa na karatasi mkononi, wanangoja. Mama Prezidanti akashika simu juu, akaniangalia. Ni rafiki yangu, alikuwa ameomba na kunisukuma siku tatu, na sasa aliniangalia tu kama mtu anayengoja matokeo ya hospitali.

Nilifikiri juu ya mwanangu. Nilivuta pumzi, nikafungua mdomo. Hakuna kilichotoka. Nikatikisa kichwa.

Wakati huohuo nahodha, ambaye hakujua habari ya simu, alianza wimbo. Ulikuwa wimbo wa kanisani wa zamani ambao kila Mwingereza aliufundishwa shuleni, na sauti yake ilikuwa nzito, inatoka chini kabisa. Mstari wa kwanza waliitikia. Mstari wa pili mzee wa Dudley alikatika katikati. Mke wake alikuwa pale, mzima, anamshika bega; alikuwa anamlilia mama yake, aliyekufa yeye akiwa kazini kiwandani na bosi akamnyima ruhusa. Hajawahi kulia tangu siku hiyo, alituambia baadaye, na imepita miaka arobaini. Yule muuguzi akamfuata. Yule wa nguo ya kuogelea akaanza kumlilia mbwa. Nilidhani mbwa ni mambo madogo, lakini mwanamke yule alilia kama nyumba inayobomoka, akamwita mbwa wake kwa jina, akaomba msamaha kwa ile sindano ya mwisho. Mmoja akamshika mwingine, ramu ikamwagika, na katika dakika mbili mashua nzima ilikuwa inaomboleza. Nimehudhuria vilio vingi, vya kwetu na vya kambini. Kilio kama kile sijakisikia. Walikuwa watu waliotunza machozi yao miaka na miaka kama vyombo vya kabatini, na siku ile waliyatoa yote mezani.

Mama Prezidanti ni mtu mwenye akili. Aligeuza simu kutoka kwangu, akaielekeza kwao, akaishika juu kabisa.

Kule Uvira kilio kikapita kwenye kipaza sauti. Nilisikia kwaya inanyamaza. Nilisikia watu wanasema yoo, yoo. Dada Kisumu alikuwa amejifunika uso kwa mtandio, mabega yanatikisika, na mimi pekee nilijua kwamba anacheka. Nilijiuma shavu, nikaelekeza pua kwenye mwamba mweupe.

Kisha sauti ya mzee ikaanza kusoma, polepole, kama watu wasiosoma sana wanavyosoma. Marehemu ameacha wajane wawili. Mjane mkubwa, ambaye yuko Ulaya. Mtoto wa kwanza. Akasoma jina la mwanangu, lote, la ubatizo na la ukoo, na jina la baba yake nyuma. Halafu wadogo zake. Halafu wajukuu, mmoja mmoja, na yule wangu walimsoma jina tu bila kutaja kazi yake, nikaudhika, lakini siku hiyo niliwasamehe.

Mama Prezidanti alishusha mkono, ukiwa umekufa ganzi. Waingereza walikuwa wamekaa chini, wamechoka, pua nyekundu, wanapeana leso na kuulizana majina. Mtu alikuwa ameanza kugawa chevda ya Dada Kisumu. Upepo ulikuwa mzuri na mashua ilikwenda sawasawa, na hakuna mtu aliyekuja kunipokonya usukani.

Nilidhani simu imekatika. Kumbe wifi alikuwa bado yuko, na sauti yake ilikuwa imebadilika, laini, sauti ambayo hajawahi kunitolea tangu nilipoolewa.

"Wifi, umemlilia kaka yangu," akasema. "Hapa watu wote wanasema Ulaya nzima imelia. Ila kuna kitu kidogo. Mpiga picha kamera yake ilikuwa haijawaka. Washa kamera ya simu tukuone uso, ulie tena kidogo, dakika moja tu, kwa ajili ya video."

Mama Prezidanti akaniletea simu mpaka mdomoni. Mikono yangu ilikuwa na kazi, sikuiondoa.

"Nilishamlilia akiwa hai. Mara ya pili silii."